Bustani Isiyolisha Moto

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma yake ulianza mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na bonde la nyasi ndefu. Mvua ikinyesha, bonde lilikuwa kijani. Kiangazi kikiingia, liligeuka rangi ya simba na kubaki hivyo kwa miezi mingi.

Baba wa nyumba hiyo alikuwa dereva wa lori. Watu walimwita Tairi, maana alikuwa mnene na hakukaa sana mahali pamoja. Kila aliporudi safari, hakuuliza chakula kwanza. Alichukua mpira wa maji akaenda kumwagilia ukoka wake.

Aliupenda ukoka ule. Aliupanda kwa mikono yake mbele ya nyumba na ubavuni. Kando ya ukuta alipanda misonobari, ikabanana bega kwa bega kutoka getini mpaka nyuma.

"Nikiwa barabarani naona vumbi tu," alisema. "Nikifika nyumbani nataka nione kijani."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na wateja walimfuata hapo.

"Baba Kasuku," alimwita mumewe asubuhi moja kwa jina la binti yao, "maji ya mgao yanakatika saa nne. Sijajaza hata ndoo moja."

"Nimalizie kona hii tu."

"Kona hiyo uliianza kabla ya jogoo kuwika."

Kutoka dirishani sauti ya Bibi ilisikika. Bibi alikuwa mama yake Tairi. Chumba chake kilikuwa cha pembeni, upande wa bonde.

"Mwache, mwanangu," Bibi alimwambia mkwe wake. "Nyasi za huyu zinaoga mara mbili kwa siku. Mimi mama yake naoga mara moja, tena kwa kikombe."

Wote wakacheka. Tairi naye alicheka, lakini hakufunga bomba.

Nje ya dirisha la Bibi kulikuwa na mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau. Ulikuwa umepanda ukutani, ukafunika nusu ya dirisha na kufika kwenye paa. Kwa nje ulipendeza. Kwa ndani, chini ya majani mabichi, ulikuwa umejaa vijiti vikavu na majani yaliyokufa.

Tairi alikuwa na mdogo wake wa kike, askari wa zimamoto. Cheo chake kilikuwa koplo, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Koplo. Hata mama yake alimwita Koplo. Siku ya mapumziko alipenda kuja kumwona mama yake.

Mwanzoni mwa kiangazi alikuja. Alisalimia, akanywa chai, kisha akatoka kuizunguka nyumba. Alitazama chini, akatazama juu. Alipofika nyuma, alisimama mbele ya kuni zilizopangwa ukutani.

"Wewe umekuja kututembelea au kutukagua?" Tairi aliuliza.

"Vyote viwili, kaka. Hizi kuni nani kaziweka hapa?"

"Mimi. Zisinyeshewe."

"Mvua iko wapi? Hapa umeandaa jiko, bado kibiriti tu." Akanyoosha kidole juu. "Na mfereji wa paa umejaa majani ya misonobari. Makavu kama karatasi."

"Koplo, moto ukiwa bondeni, sisi tuko juu huku."

"Moto hupenda kupanda mlima, kaka. Tena unakimbia kuliko wewe."

"Kunishinda mimi mbio si sifa," Tairi alisema akijishika tumbo.

Koplo alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Nisikilize. Moto wa nyika haupigi hodi mlangoni. Hutuma cheche kwanza. Upepo unazibeba mbali, zinadondoka kila mahali. Zikidondoka penye kitu kikavu, zinakaa. Zikidondoka penye mawe, zinakufa. Sasa hapa kwako zitakufa wapi? Nyasi zitaupeleka moto kwenye kichaka. Kichaka kitaupeleka kwenye tawi la chini. Tawi la chini litaupeleka kwenye paa. Umeujengea ngazi."

"Kwa hiyo nifanye nini? Nikate yote?"

"Si yote. Anza na kuni, uzipeleke mbali. Safisha mfereji. Kata misonobari iliyogusa nyumba. Na huu mmea wa dirishani uondoe."

Hapo Bibi alidakia kutoka ndani.

"Mmea wangu muuache, Koplo! Jua la mchana linapiga chumba hiki. Mkiukata nitakaangika humu kama karanga."

Koplo alimtazama mama yake, kisha akautazama mmea. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema. Halafu akasema tu, "Haya, Mama."

"Nikirudi safari hii nitashughulikia," Tairi alisema.

Kasuku, binti yao, alipewa jina hilo kwa sababu alirudia kila alichosikia. Wiki nzima alipotoka shule alisema: "Shangazi amesema tumejenga ngazi. Shangazi amesema kuni zipelekwe mbali." Tairi alikuwa ameshaondoka. Siku moja mama Kasuku alichoka kusikia, akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya misonobari. Alikumbuka jinsi mumewe alivyoimwagilia tangu ilipokuwa miche. Akaona atamvunja moyo. Akafagia majani ya barazani, akarudisha panga mahali pake.

Tairi alirudi, akakaa siku chache, akaondoka tena. Kuni zilibaki pale pale.

Moto ulikuja mchana, siku ya upepo. Ng'ambo ya bonde mtu alikuwa anasafisha shamba lake kwa kuchoma mabua. Upepo ulibadilika, moto ukamponyoka.

Kasuku alikuwa shuleni, na Mshonaji alikuwa anashona shati. Kwanza alisikia harufu. Akadhani ni jirani anachoma takataka. Kisha mwanga wa jua ukawa mwekundu juu ya kitambaa chake. Alipoinua kichwa, bonde lote lilikuwa moshi.

"Mama!" aliita. "Mama, tutoke!"

Bibi alikuwa amelala. Alikuwa na magoti mabovu, na kuinuka kulimchukua muda. Mshonaji alipofika mlangoni mwa chumba, cheche zilikuwa zimeshaanguka. Moja ilikaa kwenye mfereji wa paa. Nyingine ilikaa katikati ya kuni. Nyingine ilikaa ndani ya mmea wa kutambaa, kwenye vile vijiti vikavu, na mmea ukawaka kwa kishindo kama kitambaa kilichomwagiwa mafuta ya taa. Moshi wake uliingia moja kwa moja dirishani.

"Siwezi kuona," Bibi alisema akikohoa.

"Nishike, Mama. Nishike shingoni."

Mshonaji alichovya shuka kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akamfunika Bibi kichwa na mabega. Wakatoka barazani. Lakini njia ya getini ilikuwa nyembamba, imepita katikati ya misonobari, na misonobari ilikuwa inawaka. Utomvu wake ulilia pa, pa. Ukoka uliomwagiliwa miaka yote ulikuwa umekauka wiki ile, maana maji ya mgao hayakutoka. Moto ulipita juu yake kama mtu anayetembea kwenye mkeka.

Mshonaji alirudi nyuma. Alimburuta Bibi kupitia ua wa jirani, ambako majirani walikuwa wamevunja seng'enge. Wanaume walimbeba Bibi mpaka barabarani. Njia nzima alikohoa. Alikohoa mpaka akanyamaza.

Gari la zimamoto lilifika. Aliyeruka wa kwanza kushuka alikuwa Koplo. Alimwona wifi yake amekaa chini, nywele zimeungua mbele. Alimwona mama yake amelazwa kwenye kivuli cha ukuta.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Koplo aligeuka akashika mpira wa maji. Kazi ilikuwa inamngoja. Waliokoa sebule na jiko. Chumba cha Bibi, baraza na paa la upande wa bonde vilikwisha. Cherehani ilibaki chuma kitupu.

Jioni Tairi alifika hospitali, lori ameliegesha nje ya geti. Alimkuta dada yake kwenye benchi, bado amevaa sare yenye masizi. Akakaa kando yake.

"Sema tu," Tairi alisema.

"Niseme nini?"

"Kwamba uliniambia."

Koplo alikuna masizi kwenye kiganja. "Nilikuambia wewe. Mama sikumwambia. Alisema mmea uachwe, nikasema haya, Mama. Kwenye nyumba za watu sisemi haya. Nasimama mpaka waelewe. Kwa mama yangu nikaona aibu kubishana."

"Mimi ndiye niliyeupanda."

"Najua."

Daktari alitoka akawaeleza. Bibi atapona, alisema, lakini mapafu yamedhurika. Moshi na vumbi vitamsumbua maisha yake yote. Ni afadhali akae mahali penye hewa yenye unyevu.

Kwa hiyo Bibi alipotoka hospitali hakurudi nyumbani. Alikwenda kukaa na dada yao mkubwa, katika mji wa mbali wenye mvua nyingi. Siku ya safari, Tairi alimwinua akamweka kwenye kiti cha mbele cha lori. Alikuwa mwepesi. Tairi alikuwa amebeba mizigo mingi maishani, lakini ule wepesi ulimlemea.

Walipomaliza kuezeka upya, Koplo alikuja tena. Tairi alimpokea getini.

"Leo sina utani," alisema. "Tufundishe."

"Tusipande kitu kwanza," Koplo alisema. "Watu huanza na miche. Tuanze na kutazama. Upepo wa kiangazi unatoka wapi? Maji ya mvua yanashukia wapi? Jua la mchana linapiga wapi?"

Mshonaji alitikisa kichwa kukubali. "Kama nguo. Unapima mtu, unakata karatasi, ndipo unakata kitambaa."

"Sawasawa, wifi. Basi karatasi ushike wewe."

Mshonaji alileta karatasi ile ya kukatia mitindo. Wakaizunguka nyumba pamoja, naye akachora.

Koplo alianza ukutani. "Kuzunguka nyumba yote, upana wa kitanda cha watu wawili, pasiwe na kitu kinachoweza kuwaka. Hakuna maua, hakuna kuni, hakuna mkeka, hakuna majani makavu. Weka kokoto au mawe, au udongo uliofagiwa. Cheche ikianguka hapo, ife njaa."

"Na dirishani?" Mshonaji aliuliza. "Jua linapiga kweli. Mama hakusema uongo."

"Hakusema uongo. Kivuli anahitaji kila mtu, ila kisishike ukuta. Juu ya dirisha tuweke kipande cha bati kama kofia. Halafu mbali kidogo tupande mti mmoja wa kivuli. Ukikua, matawi ya chini tunayakata mpaka juu ya kichwa cha mtu. Matawi ya juu yasifike kwenye paa."

Tairi alisimama akatazama pale ulipokuwa mmea wa zambarau. Ukuta ulikuwa umepakwa upya, lakini alama ya moshi ilionekana chini ya chokaa.

"Bati tu," alisema. "Lingemtosha."

Mshonaji akalichora lile bati kwenye karatasi.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya mimea. Koplo alishauri mishubiri na mimea mingine mifupi yenye majani manene yanayohifadhi maji. "Lakini msidanganywe," alisema. "Hakuna mmea usioungua. Hata mshubiri, ukiuacha na majani makavu chini yake, utawaka. Pandeni kwa mafungu. Kati ya fungu na fungu acheni njia ya kokoto. Moto ukikamata fungu moja, usiruke kwenda la pili."

"Na maji?" Tairi aliuliza. "Mgao ni ule ule."

"Ndiyo maana tunapanda vinavyovumilia kiu. Vinavyopenda maji viweke pamoja, karibu na bomba, viwe vichache. Vinavyovumilia viweke mbali. Usichanganye, maana utamwagilia vyote kwa ajili ya kimoja. Maji ya kufulia yapelekeni kwenye mti, msiyamwagie mboga. Maji ya paa yaingie pipani, na pipa lifunikwe."

Upande wa mteremko Koplo aliwaambia wajenge vikuta vifupi vya mawe, vizuie udongo na kushika maji ya mvua. Zaidi ya hapo, mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, nyasi zikatwe fupi kiangazi chote. Njia ya getini ipanuliwe hadi gari liweze kupita.

"Na ukoka?" Kasuku aliuliza.

Wote wakamtazama baba yake.

"Ukoka uende," Tairi alisema.

Misonobari iliyobaki ilikuwa nusu hai. Tairi aliikata mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa. Alipofika kwenye shina la mwisho, mkewe alimletea maji.

"Ile siku uliposafiri nilichukua panga," mkewe alisema. "Nilikuja mpaka hapa. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utasikitika."

Tairi alikunywa maji yote. "Ningesikitika siku mbili," alisema. "Labda tatu."

Walipanda mvua za kwanza ziliposhika, ili mizizi iingie chini kabla ya kiangazi. Makosa hayakukosekana. Tairi hakuweza kuacha tabia. Alimwagilia mishubiri kila siku, mpaka mingine ikaoza kwenye shina. Koplo alipoiona alishika kiuno.

"Kaka, huu si ukoka. Huu unakunywa kama ngamia. Uloweshe sana, kisha uusahau."

"Kusahau ni kazi ngumu," Tairi alisema. Lakini alijifunza. Alimwagilia mara chache, asubuhi mapema, kwenye shina, polepole, mpaka maji yazame chini. Kiangazi kilipoingia, aliona ajabu: ndoo za mkewe zilijaa, na bado bustani ilikuwa hai. Haikuwa kijani kama zamani. Ilikuwa na rangi ya majivu, na nyekundu ya maua ya mishubiri, na weupe wa kokoto. Kila Jumapili familia yote ilitoka kufagia majani, kusafisha mfereji wa paa na kung'oa vilivyokauka. Kuni zilikaa mbali, karibu na mpaka, zimefunikwa bati.

Moto ulirudi kiangazi hicho hicho. Safari hii Tairi alikuwa nyumbani. Walipoona moshi bondeni hawakungoja. Koplo alikuwa amewaonya: bustani inaisaidia nyumba, si ruhusa ya kubaki. Walipiga simu zimamoto, wakafunga madirisha, wakawagongea majirani, wakaondoka wote.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Nyasi za bonde zilikuwa zimeteketea mpaka penye nyasi fupi, na hapo moto ukapungua. Penye vikuta vya mawe ukazimika. Kwenye kokoto, karibu na ukuta, kulikuwa na madoa meusi kila mahali. Kasuku aliinama akaokota kaa dogo lililopoa.

"Ni cheche?"

"Ilikuwa cheche," mama yake alisema.

Majirani walikuja kutazama. Wengine walipiga makofi. Mmoja alimshika Tairi mkono akamwambia, "Bwana, wewe una akili." Tairi aliutoa mkono wake taratibu. Alikwenda nyuma ya nyumba akasimama chini ya dirisha la pembeni. Alikaa huko mpaka mkewe alipomfuata.

Mvua ziliponyesha na vumbi likatulia, daktari alimruhusu Bibi kuja kuwatembelea. Tairi alimfuata kwa lori. Bibi alishuka na fimbo, akapumzika, akatembea kidogo, akapumzika tena. Alitaka kuona kila kitu. Mkwe wake alimshika mkono wakapita njia ya kokoto.

"Hii pana," Bibi alisema. "Hata mimi napita bila kujikwaa."

Walimwonyesha pipa la maji. Walimwonyesha mti mchanga wa kivuli, ulioanza kufika kimo cha Kasuku. Walimwingiza chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Bati juu ya dirisha lilitupa kivuli sakafuni, na hewa ilikuwa ya baridi. Ilikuwa saa nane mchana.

Bibi alikaa kitandani. Alipitisha kiganja juu ya shuka. Alitazama nje, mishubiri, mawe, na bonde lililoanza kuchipua.

"Mama," Tairi alisema, "chumba ni chako. Vumbi likizidi tutanyunyizia maji. Nitatafuta namna."

Bibi alikohoa. Kikohozi kilimkamata kwa muda, akangoja kiishe. Kisha alimpigapiga mwanawe gotini.

"Hapana, mwanangu. Kifua hiki hakitaki tena hewa ya hapa. Dada yako ananitunza vizuri."

Akatazama tena dirishani.

"Lakini mmepatengeneza," alisema. "Hapa mtu angezeeka vizuri."

Tairi aliinamisha kichwa. Mama yake akaomba ashikwe mkono, maana walikuwa na safari ndefu na alitaka kufika kabla ya giza.